Kupamba nyumba ya kupanga Desemba kwa 50,000 (Dar na Pwani)

Mkuu, umesema una nyumba ya kupanga Dar, sebule, kibaraza na kiuwanja chenye mawe na mwarobaini mmoja, mfukoni una 50,000, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Pesa hiyo inatosha, ila usikimbilie Kariakoo kwanza. Desemba huku ni joto, unyevu na mvua za vuli ambazo hazijaisha vizuri, na mapambo mengi ya msimu yametengenezwa kukaa ndani, pakavu. Ukiyatundika barazani yanachuja rangi au yanadondoka kabla ya sikukuu yenyewe.

Uwanja uanze na chokaa. Kwa bei ndogo hakuna kinachobadilisha sura ya nyumba haraka kama mawe meupe. Chukua chokaa kilo 5, chumvi kilo 1, maji ndoo ya lita 20. Yeyusha chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, kisha mimina chokaa kidogokidogo ndani ya maji huku unakoroga. Usimwage maji juu ya chokaa. Funika ilale usiku mmoja, asubuhi chuja kwa kipande cha chandarua cha zamani. Iwe nyepesi kama maziwa.

Wengi wanaharibu hapohapo. Chokaa ikiwa mbichi inaonekana kama maji ya kuoshea sufuria, mtu anadhani haijashika, anaongeza nzito juu yake. Weupe unakuja ikikauka, na ule mkono mzito ndio unaopasuka na kubanduka magamba. Lowanisha mawe kwanza, piga mkono wa kwanza mwepesi, subiri ukauke, piga wa pili. Fanya asubuhi mapema au jioni, maana jua la saa saba linaikausha juujuu kabla haijashika, na uchague siku ambayo wingu halijakaa vibaya. Jiwe lililowahi kupakwa rangi ya mafuta halitashika, ligeuze upande mwingine. Shina la mwarobaini unaweza kulipaka hadi kama mita moja kutoka chini, kwa chokaa tu, si rangi ya mafuta. Vaa glavu na miwani. Tone likiingia jichoni linaunguza: suuza kwa maji mengi yanayotiririka, kisha nenda hospitali.

Nusu ya bajeti ipeleke kwenye taa, na usiogope LUKU. Mstari wa taa za LED wa wati 10 ukiuwasha kwa muda wa saa tano kila usiku kwa siku 30 unakula uniti moja na nusu. Kabla ya kulipa soma kikaratasi: iandikwe volti 220 hadi 240. Zile anazotuma ndugu kutoka Marekani ni za volti 120, ukizichomeka ukutani zinaungua hapohapo. Za nje ziwe na alama ya IP44 au zaidi, yaani zinahimili maji yanayorushiwa. Zikikosa alama, zibaki sebuleni. Waombe wakuwashie dukani, kisha nyumbani uziwashe tena zikiwa sakafuni kabla ya kupanda kwenye stuli.

Kuzitundika ndiko kunakotaka akili. Waya wa taa haukutengenezwa kubeba uzito wake barazani, ukiuvuta unakatikia ndani na nusu ya mstari inazima. Kaza kwanza uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki kutoka nguzo hadi nguzo, halafu fungia taa juu yake kila baada ya sentimita 30. Waya wa kufungia nondo usiutumie: unakwangua plastiki, na kutu yake inachora ukuta wa mwenye nyumba. Soketi na plagi zikae chini ya paa, juu ya sakafu, na waya uning'inie chini kidogo kisha upande kuingia kwenye soketi, ili matone yadondokee pale waya unapopinda chini na yasiufuate hadi kwenye umeme. Watu wanapenda kuzungushia plagi mfuko wa plastiki. Ule mfuko unafungia unyevu ndani. Achana nao.

Ukutani selotepu haifai. Kwenye unyevu huu inaachia siku ya tatu, au inashika sana na kuondoka na rangi ya maji, na hapo unadaiwa. Tumia nondo za madirisha na fimbo za pazia. Nenda kwa fundi cherehani, omba au nunua vipande vya vitenge, kata pembetatu zenye upana wa sentimita 20 na kimo cha 25. Kumi na mbili, ukiachia sentimita 5 kati yake, zinajaza mita 3. Chagua rangi mbili tu, zikizidi inakuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Krepe za karatasi ziache ndani, nje zikilowa zinamwaga rangi ukutani na haitoki.

Mti: tawi la mvinje la mita moja na nusu linatosha sebule. Nunua kwa wauza miche au maua, usiende kukata ufukweni, ile mivinje inashikilia mchanga. Weka mawe chini ya ndoo, simamisha tawi, jaza mchanga uliolowa na uongeze maji kidogo kila siku, ila yasisimame juu, utafuga mbu. Litaanza kupukutisha baada ya kama wiki, kwa hiyo liingie ndani tarehe 20 hivi. Mishumaa isilikaribie kabisa.

Mishumaa ina kazi nje, kwenye makopo ya maziwa ya unga. Jaza kopo maji, gandisha usiku mzima, kisha toboa matundu kwa msumari wa inchi mbili. Barafu inazuia bati lisibonyee. Kitako kitavimba kidogo, kigonge kirudi. Weka mchanga wa vidole viwili chini na kipande kifupi cha mshumaa. Panga kando ya mawe yako meupe, mbali na makuti na watoto.

Bogenvila ya kwenye kopo la rangi, kama unayo, iondoe kwenye mvua sasa. Maji mengi ya vuli yanaipa majani badala ya maua. Iweke chini ya ukingo wa paa, mahali inapopigwa na jua angalau saa 6, na umwagilie pale tu udongo wa juu unapokauka. Kama tayari ni Desemba na haina hata tumba, nunua iliyochanua, hiyo yako ikatie matawi mwezi Oktoba mwakani.