Mchezaji si wako: kwa afilieti wapya wa Kisumu

Kila ligi zikianza naletewa kesi ileile. Kijana ana ukurasa wa utabiri wa mechi naye ni afilieti, yaani huiletea kampuni ya kubeti wachezaji (watu wa kubeti) kwa kamisheni. Ameposti linki yake tangu asubuhi, watu wamejisajili, kisha kampuni inamkata naye anapiga kelele kwamba ameibiwa wateja. Hukuibiwa, mdogo wangu. Hukuwahi kuwa nao. Naandika hapa mara moja ili mkinipigia tena usiku wa manane niwatumie hii nirudi kulala.

1. Akaunti ni ya kampuni. Leseni ni yake, nambari ya Paybill ya kupokea pesa ni yake, kitambulisho cha mchezaji amekihakiki yeye. Kwenye mfumo wake wewe ni kodi tu (code, alama ya kukutambulisha) iliyobandikwa kwenye akaunti ya mtu, na kodi hiyo ndiyo inayokulipa. Ikibanduliwa, mtu anaendelea kubeti kana kwamba hukuzaliwa. Mikataba mingi husema hivyo waziwazi, lakini mlibonyeza "nakubali" bila kusoma. Najua hamkusoma, kwa sababu hata jina la kampuni iliyotia saini hamlijui. Mnajua lile la kwenye jezi.

2. Hiyo kodi hupotea kirahisi. Shabiki wa Kondele anabofya linki yako, kuki, faili dogo la kukumbuka kwamba katoka kwako, inaingia kwenye kivinjari, bando linaisha. Jioni anakumbuka, ila harudi kwenye linki: anajisajili kwa SMS, au anapakua programu moja kwa moja. Dashibodi yako, ule ukurasa wa hesabu zako, inasoma sifuri na hakuna aliyekudhulumu. Omba promo kodi, yaani neno lako maalumu ambalo mtu analiandika mwenyewe akijisajili. Na ujaribu linki yako kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kuiposti.

3. Soma vifungu vya mwisho. Hapa ndipo mnaponiona nimezeeka.

Kuna kijana wa Nyalenda, mkali wa hesabu kunishinda, alikuwa na kundi la Telegram la mashabiki wa Gor Mahia na Arsenal. Alikuwa kwenye asilimia ya mapato, yaani fungu la kile wachezaji wake wanachopoteza. Mwezi mmoja mchezaji wake akapiga multibeti ndefu, mechi nyingi kwenye beti moja, ikaingia yote. Kampuni ikalipa, akaunti ya kijana ikaenda hasi, na kwa kuwa mkataba wake ulibeba hasi hadi mwezi mwingine, mwezi uliofuata akaanza na deni. Alikasirika, na nilimwelewa. Kampuni nyingine ikamnong'oneza asilimia ya juu zaidi. Bila kuuliza mtu akaandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa: HAMENI HUKU, KUNA FRIBETI (beti ya bure).

Haikuisha wiki, ikaja barua pepe. Mkataba umevunjwa, kamisheni zote zimesitishwa, pamoja na zile ambazo zilikuwa hazijalipwa. Akaniletea simu kibandani, tukiwa na sahani ya omena, nikamsomea taratibu. Kifungu kimoja kilikataza kuwavuta wachezaji waliosajiliwa kwenda kwa mshindani. Kingine kilisema kamisheni ya maisha huisha mkataba unapoisha. Maisha yaliyotajwa pale yalikuwa ya mkataba. "Sasa omera, ndugu yangu, hawa watu niliwaleta mimi!" akalalamika. Ndiyo, uliwaleta. Nilitamani kuwa na jibu lingine. Alikuwa ameshakopa pikipiki kwa kutegemea pesa hizo.

Na kule alikohamia? Wengi wa watu wake walikuwa na akaunti huko zamani. Mtu wetu wa kawaida hubeti kwenye kampuni tatu nne, na aliyekwisha kusajiliwa hahesabiwi kuwa mchezaji mpya. Akakosa huku, akakosa kule. Kisha akaniambia ana daftari la nambari za simu za watu wa kundi, atampelekea meneja mpya apunguze hasara. Hapo nilimkaripia mbele ya mwenye kibanda. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wale watu walimpa nambari ili wapate utabiri, si ili wauzwe.

4. Msiegemee kampuni moja. Mmesahau Julai 2019, leseni zilipokwama na Safaricom ikaagizwa kufunga Paybill za kampuni 27? Aprili 2025 matangazo ya kamari yakasimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini. Si Kenya peke yake: Uingereza, Sky Betting & Gaming ilifunga mpango wake wa afilieti mwaka wa 2017.

5. Chako ni kundi, ukurasa, na watu wanaosoma uchambuzi wako kabla ya kubofya chochote. Tumieni muda wenu hapo. Kila tangazo lipe kodi yake ndogo, na pakua ripoti kila wiki ukiwa bado unaruhusiwa kuingia.

6. Ambaye hajafika miaka 18 usimguse. Na mtu akikuandikia inboksi kwamba amebeti karo ya mtoto, usimtumie fribeti. Mwambie aombe akaunti ifungwe, tena msaidie kupiga simu. Utapoteza kamisheni yake, sawa. Asilimia yako hutoka kwenye kile alichopoteza yeye, hiyo hesabu mnaijua. Mama mmoja muuza samaki alinisimamisha soko la Kibuye akaniuliza kama mimi ndiye "yule wa odsi" anayefuatwa na mwanawe. Sikununua samaki siku hiyo.

7. CPA (malipo ya mara moja kwa kila mchezaji unayemleta) au asilimia? Kama unadaiwa kodi ya nyumba, chukua CPA: umeleta mtu, umelipwa, mmeachana, na nani mwenye mteja si swali lako tena. Asilimia ni ya mwenye akiba, anayeweza kungoja na kuvumilia mwezi wa hasi. Changanya ukiweza, ila uliza kwanza kama kuna kiwango cha wachezaji wapya unachodaiwa kila mwezi. Ukikikosa, asilimia hushuka.

Na ukija kwangu na malalamiko, njoo na mkataba, tena toleo la siku uliyojisajili, kwa sababu huwa wanaubadilisha. Picha ya dashibodi peke yake siwezi kuisaidia.