Betri kwanza, mengine baadaye

Ndugu, umeuliza tunatarajia nini kwenye simu ijayo ya Samsung, Galaxy Ultra. Mimi nataka betri kubwa, basi. Kuanzia S20 Ultra ya 2020 hadi S25 Ultra ya 2025 tumebaki na mAh 5000 zilezile (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), wakati simu ya OnePlus 13 imefika 6000 kwa betri ya silikoni na kaboni, inayobeba chaji nyingi bila simu kunenepa. Kamera zinatosha, ila mtoto akikimbia ndani kwenye mwanga hafifu uso bado unatoka haueleweki. Hapo wapakazie macho. Na tafadhali kalamu inayokuja na simu irudishiwe Bluetooth! Unaisimamisha simu mbali, mnajipanga wote, unabonyeza kalamu, picha imeshapigwa. Kwa nini walituondolea?