Kuzalia nyumbani au hospitali: ninachowaambia wajawazito wanaoniuliza

Mwanamke akikwambia anataka kuzalia nyumbani, usiharakishe kumwita mshamba. Muulize kwanza kule hospitali anaogopa nini. Mimi wanangu wakubwa niliwazalia kijijini kwetu, wilayani Handeni, mikononi mwa bibi yangu mkunga wa jadi, na wadogo nikawazalia kituoni. Njia zote mbili nimezipita, na kila mwanamke anayetamani nyumbani namwelewa.

Nyumbani pana bibi anayekuita mwanangu. Anakukanda kiuno, anakuacha uzunguke uani uchungu ukikolea; ukitaka kupiga magoti unapiga, ukitaka kuchuchumaa unachuchumaa. Uji uko jikoni. Hakuna mgeni anayekuona uchi. Na ukishajifungua, hakuna anayekuamuru ushuke kitandani ufute damu yako sakafuni. Hilo la mwisho lilinikuta katika kituo kimoja, mwanangu akiwa ndiyo kwanza anafungwa khanga. Nililia kuliko nilivyolia kwa uchungu. Mdogo wangu alikuwa nje, amekatazwa kuingia, akasikia kila neno. Mimba yake iliyofuata hakukanyaga pale, na mimi sikumlaumu.

Pamoja na yote hayo, jibu langu kwa kila anayeniuliza ni moja: kazalie kituoni. Sababu kubwa ni damu. Mkunga wa jadi anaweza kuwa na mikono ya huruma kuliko nesi yeyote, lakini kizazi kikigoma kukaza baada ya mtoto kutoka, huruma haizuii damu. Kituoni, mtoto akitoka tu unachomwa oksitosini, sindano ya kukaza kizazi. Damu ikiendelea wanakuwekea dripu, wanaongeza dawa, wanakukimbiza penye damu ya kuongezewa. Nyumbani mnabaki kutazamana, na mama anaweza kufariki ndani ya saa chache. Tena wengi wanaotokwa na damu hivyo hawakuwa na dalili yoyote ya kuwatahadharisha. Kwamba mtoto wa kwanza ulimzaa salama hakukukingi na wa tatu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya uzazi nchini Tanzania ulifanyika vituoni, kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16. Katika kipindi hicho makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hao waliobaki nje ya vituo msiwaite wakaidi. Wengi wako mbali, hawana nauli ya usiku, au walishatukanwa leba. Kuna vijiji vinavyowatoza faini waliozalia nyumbani, nami nalipinga hilo kwa moyo wangu wote. Faini inamfundisha mama kusema "nilizalia njiani", au kumficha mtoto asipelekwe chanjo.

Badala ya faini, msaidie apate kituoni yale aliyoyapenda nyumbani. Mimba ikifika miezi sita au saba, nenda ukakitazame kituo. Waulize waliojifungulia pale, watakwambia ukweli ambao haubandikwi ukutani. Kisha muulize nesi kwa upole: naruhusiwa kuingia na mtu wangu? Usiku kuna mkunga wa kike? Nikishindwa kulala chali, naweza kupiga magoti? Usione haya kuuliza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linataka mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe na ajifungue katika mkao anaoutaka. Kituo cha pili nilichokwenda walinikubalia, bibi akaingia nami, akanikanda kiuno huku nesi akifanya kazi yake. Hata kondo walitufungia vizuri, mama mkwe akalizika kama desturi yetu ilivyo. Sijawahi kuzaa kwa utulivu kama siku ile.

Kabla ya kuchagua kituo, itazame pia kadi yako ya kliniki. Kama uliwahi kuzaa kwa kisu, una mapacha, presha iko juu, mtoto ametanguliza makalio, au hii ni mimba ya tano na kuendelea, zahanati haitoshi. Panga kwenda hospitali yenye upasuaji, na kama ni mbali, hamia kwa ndugu aliye karibu nayo wiki kadhaa kabla.

Fedha zinahitaji kibubu mapema. Sera inasema mjamzito hatibiwi kwa malipo, lakini wengi wetu tunajua kinachotokea ukifika mikono mitupu. Andaa glovu, pamba, mpira wa kutandika, nyembe mpya, vibanio vya kitovu, khanga safi na beseni. Weka kando nauli ya usiku, maana bei ya bodaboda saa nane za usiku si ile ya mchana.

Nauli ikiwepo, bado kuna swali la nani atasema "twende". Nimeona mama anagaagaa, mume yuko safarini, mama mkwe anasema subirini kuche. Malizeni mazungumzo hayo mapema, mume akiwepo, na mwenye ruhusa ya mwisho awe mjamzito mwenyewe. Waandaeni pia ndugu wa kutoa damu.

Ikitokea dharura, piga 115. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na kupiga ni bure. Watatuma ambulensi, na isipopatikana watamtuma dereva wa jamii mwenye gari la kawaida, ambaye nauli yake hulipwa na mfumo, si wewe.

Ukishajifungua, usikimbilie nyumbani. Kaa kituoni angalau saa 24, hata kama wageni wanasubiri uji. Kukandwa maji ya moto kuna raha yake, na mimi nilikandwa kila mara, ila kama una nyuzi waambie wasikuguse pale. Wakati wote wa arobaini, ukiona homa, harufu mbaya, kichwa kikali kisichoachia au damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa, rudi kituoni siku hiyohiyo. Ile 115 inakuhudumia mpaka siku ya 42, na mtoto mchanga mpaka siku ya 28.