Kwa nini filamu ile inajikatiza

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima.

Umeniuliza kwa nini Center Stage, filamu ya mwongozaji Stanley Kwan juu ya Ruan Lingyu, mwigizaji wa China wa zamani, inajikatiza kila mara: mara hadithi, mara Maggie Cheung, anayemwigiza Ruan, anahojiwa na nguo zake za leo, mara vikongwe waliofanya kazi na marehemu. Unasema ilikuliza, kisha ikakunyima nafasi ya kumaliza kilio.

Mimi naona hiyo ndiyo adabu yake. Ruan alisumbuliwa hadi kaburini na watu waliodhani wanamjua. Alikuwa binti wa mtumishi wa ndani, Shanghai, akapendana na Zhang Damin, kijana wa nyumba ileile aliyotumikia mama yake. Alipopata jina kwenye sinema zisizo na sauti, Zhang akageuka kupe. Wakaachana, Ruan akaishi na Tang Jishan, mfanyabiashara wa chai, na Zhang akakimbilia mahakamani kuwashtaki. Kipindi hichohicho ikatoka New Women, filamu ya mwongozaji Cai Chusheng aliyoigiza Ruan, iliyotokana na kisa cha Ai Xia, mwigizaji aliyejiua 1934. Iliwaanika waandishi wa habari, nao wakawaka. Kesi ya Ruan ikawapa pa kulipizia. Machi 8, 1935, akajiua, akiwa na miaka 24. Na magazeti yakapata habari nyingine ya kuuza!

Sasa mwongozaji akituambia kwamba usiku ule Ruan aliwaza hivi na vile, ana tofauti gani na magazeti yale? Kumbuka pale Ruan amejifunika shuka, analia baada ya kuigiza kifo katika New Women, Cai ameketi kando ya kitanda. Kamera inarudi nyuma, mitambo na watu wake wanaonekana, na Kwan anamwambia Tony Leung Ka-fai, anayemwigiza Cai, kwamba amesahau kufunua shuka amtazame. Kosa lile halikukatwa. Kwangu hapo ndipo penye filamu yote: hakuna aliyemfunua.

Ukipata nafasi, tafuta The Goddess ya 1934, umwone Ruan mwenyewe. Ni mama anayeuza mwili ili mwanawe asome. Siku ya tamasha la shule mtoto anaimba jukwaani, mama uso umemchanua, na wazazi wengine wananong'onezana kiti kwa kiti habari zake. Hapo Kwan hayupo kukukatiza, kwa hiyo lia tu.

Baba yako anakusalimu.

Mama