Jibu: Makopo matatu chini ya miti, vipimo vitatu tofauti

Habari mkuu. Nilivyokuelewa, mvua moja tu imekupa mm 4, 11 na 19 kwenye makopo yako ya kupimia mvua chini ya misonobari na mikaratusi, wakati uwanjani pasipo miti ni mm 14, ukadhani kopo la tatu (mm 19) ni bovu. Kopo ni zima. Angalia kwanza kilicho juu yake: kwenye ncha za matawi maji hukusanyika na kudondokea sehemu moja. Kukiwa na ukungu, majani huunasa na kuongeza matone.

Makopo matatu hayatoshi kabisa. Weka 20 hadi 30 bila kuchagua mahali, yahamishe kila wiki, ndipo upige wastani. Kopo la kipenyo cha sm 20 likipata ml 314, hiyo ni mm 10.

Usisahau maji yanayoteremka kwenye mashina, hayo hayaingii makoponi. Mkaratusi wa gome laini huteremsha maji mengi. Gome nene la msonobari hunyonya kwanza. Pasua mpira wa maji kwa urefu, uzungushe shinani kwa mteremko, ziba kwa silikoni, ncha iingie kwenye dumu. Lita za miti yote gawa kwa mita za mraba za eneo lenye miti hiyo, unapata mm za maji ya mashina. Dumu likifurika, kipimo cha mvua hiyo kimepotea.