Slaidi wanaziona, sauti hawaisikii: yaliyonikuta na fayawoli ya watu

Jumanne usiku kijana mmoja wa Manyoni alinitumia meseji ndefu. Amefunga BigBlueButton, programu ya kufundishia kwa mtandao, kwa ajili ya chuo kidogo, kwake inapiga kazi safi, lakini walimu wakiingia wakiwa ofisini haieleweki. Mwisho kaandika: "Kaka, inagoma tu." Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia. Miaka miwili iliyopita ni mimi niliyesimama mbele ya watu arobaini hapa Dodoma, ukumbini kuna kiyoyozi na jasho linanitiririka, nikisema maneno hayohayo.

Wacha nisimulie kwanza.

Taasisi moja, jina nalihifadhi, ilitaka kufundisha watumishi wake wa mikoani bila kuwasafirisha. Nikawaambia msihangaike na huduma za kulipia kwa mwezi, ipo hiyohiyo BigBlueButton, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton kule Kanada, imetengenezwa kwa kufundishia hasa: slaidi, ubao, vyumba vya makundi. Tukapatana laki nane, nusu mkononi, nusu siku ya uzinduzi.

Kusakinisha nitaruka, hakuna utamu wowote hapo. Nikafungua poti, yaani milango ya mtandao ya seva: 80 na 443 za TCP, na zile za UDP kuanzia 16384 hadi 32768, kama maelekezo yanavyotaka (TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data). Nikajaribu nikiwa nyumbani Ilazo, laptopu kwenye Wi-Fi, simu kwenye bando. Nikamwita mke wangu naye aingie kwa simu yake akiwa jikoni. Akapaza sauti: "Nakusikia mara mbili, huko sebuleni na humu kwenye simu!" Basi, nikaona kazi imekwisha. Nililala kama mkulima wa zabibu aliyemaliza kuuza mzigo wote.

Asubuhi ya uzinduzi slaidi ya kwanza ikatokea ukutani, nembo yao inang'aa, watu wakapiga makofi. Washiriki wa mikoani wakaanza kuandika salamu pembeni. Mkurugenzi akavuta maiki, akaanza kwa Kigogo kuwachangamsha: "Mbukwenyi!" Ukumbi ukaitikia. Kwenye skrini, kimya. Kisha meseji zikaanza kushuka mbele ya macho ya kila mtu.

"Hatusikii mkuu."

"Huku Singida kimya."

"Mic ya huko imezimwa?"

Nikaibofya ile alama ya maiki. Ikazunguka, ikazunguka, ikatoa namba 1007. Nikabofya tena. 1007. Mmoja tu, wa Kondoa, alikuwa anazungumza na kujijibu mwenyewe huko kwenye simu yake ya bando, kumbe kwake kila kitu kipo sawa. Nikapaniki, nikafanya jambo ambalo hadi leo naona haya kulisema: nikaiwasha upya seva katikati ya hafla. Wote wakatupwa nje, hata zile slaidi zikapotea.

Mkurugenzi akageukia wageni, akasema, "Mtuwie radhi, fundi wetu naye bado yuko mafunzoni." Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka nao, ningefanyaje.

Wakati nakunja nyaya, afisa TEHAMA wao, dada mpole aliyekaa nyuma muda wote, akanisogelea. "Kaka, humu zinatoka 80 na 443 tu, tena TCP. UDP imefungwa yote. Ulituuliza?"

Sikuwa nimeuliza.

Sasa shika jambo hili, kijana wa Manyoni. Slaidi na meseji zinapita njia moja, sauti na video njia nyingine. Slaidi zinakuja kwa 443 kama tovuti yoyote, ndiyo maana kila mtu anaziona na wewe unadhani mfumo mzima unafanya kazi. Sauti inakwenda kwa WebRTC, teknolojia ya brauza ya kupiga simu za sauti na video, nayo inapenda UDP kwenye zile poti za juu. Brauza na seva zinatafutana, zinajaribu njia moja baada ya nyingine, zote zikigonga ukuta unapewa hiyo 1007. Seva yako ni nzima. Ukuta uko kwao, kwenye fayawoli, kile kizuizi kinachochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wa ofisi.

Dawa yake inaitwa TURN, na programu tunayotumia wengi ni coturn. Ichukulie kama dalali. Brauza iliyoko ofisini inamfuata dalali kwa poti 443, kwa TCP yenye TLS (usimbaji uleule wa tovuti za https), na fayawoli ikitazama inaona kitu kama mtu anayefungua tovuti ya kawaida. Dalali anapokea mzigo, anaupeleka BigBlueButton, anarudi na majibu. Na tofauti na madalali wetu wa viwanja hapa Dodoma, huyu haufungui mzigo wako: sauti imefungwa tangu kwenye brauza na inapita kwake ikiwa imefungwa. Ila kila kinachopita kwake kinakula intaneti ya seva yake, kwa hiyo usimpe kaseva kachovu.

Mimi nilianza kwa kuongeza STUN, nikapoteza siku mbili. STUN inakusaidia kujua anwani yako ya nje, basi. UDP ikifungwa, haina la kukusaidia.

Nikakodi seva ya pili, ndogo, yenye IP yake, kwa sababu kwenye ile ya kwanza nginx, programu inayohudumia kurasa za tovuti, ilishakalia 443. Siku hizi wala huhitaji hivyo: skripti ya usakinishaji ya matoleo mapya inaweka coturn kwenye mashine hiyohiyo, na haproxy inakaa mlangoni pa 443 ikigawa nani aende wapi. Sisi tuliotangulia tumekula vumbi.

Hapo ndipo nikaingia shimo la pili. Coturn inawaka, haina shida, lakini 443 haijibu. Saa tano nzima! Kumbe inakimbia kama mtumiaji wake yenyewe, turnserver, asiye na ruhusa ya kusoma ufunguo wa cheti cha TLS (kinachoitambulisha seva) ndani ya /etc/letsencrypt. Inashindwa kufungua TLS, inaandika onyo kwenye logi, daftari lake la matukio, inaendelea na maisha. Nani anasoma logi? Mimi sasa nasoma. Hakikisha pia siri uliyoweka kwenye static-auth-secret ya coturn inafanana herufi kwa herufi na iliyo ndani ya turn-stun-servers.xml ya BigBlueButton. Mimi niliacha nafasi moja mwishoni.

Jumatatu iliyofuata nikarudi pale ofisini, bila kuitwa. Nikaomba kiti mapokezi, nikaunga kwenye mtandao wao, nikabofya maiki. Nikamsikia mke wangu akiwa Ilazo akisema "haloo". Mlinzi alinishangaa, maana nilisimama nikapiga ngumi hewani.

Sitasema yaliishia hapo. Miezi mitatu baadaye kimya kikarudi. Vyeti vya Let's Encrypt, vile vya TLS vya bure, wakati huo viliishi siku 90. Changu kilikuwa kimejihuisha vizuri kwenye diski, lakini coturn ilikuwa bado imeshika kile cha zamani kichwani. Inataka uiwashe upya, au uitumie ishara ya USR2 ikisome kipya. Weka amri hiyo iende yenyewe kila cheti kinapohuishwa, usitegemee kumbukumbu zako.

Mfumo ule unatumika hadi leo. Nusu yangu ya pili, laki nne, sijaiona hadi leo pia. Niliambiwa "uzinduzi haukufanyika kwa mujibu wa makubaliano".

Ila nisiwasingizie wao tu. Vijana wenzangu, tunapenda sana kufunga vitu na kupiga picha ya skrini, "imekubali". Imekubali wapi? Chumbani kwako, kwenye bando lako, ambako hakuna aliyekuzuia. Mteja wako hayupo chumbani kwako. Nenda ofisini kwao, kaa kwenye kiti chao, tumia mtandao wao. Kama ni mbali, angalau fungua about:config ya Firefox, ukurasa wa mipangilio yake ya ndani, iweke media.peerconnection.ice.relay_only iwe true, sauti ilazimike kupita kwa dalali. Isipotoka hapo, haitatoka kwao. Lakini hata ikitoka, nenda. Na watu wa TEHAMA waulize mapema, kwa heshima, siyo siku ya hafla. Hawajafunga poti ili kukukomoa, na wapo wenye fayawoli inayofumua hata TLS ya 443 kukagua ndani. Hiyo coturn haiivuki, inataka barua na ruhusa yao. Nasikia wengine mnawapa watumishi VPN za bure wapenye. Acheni, mtawafukuzisha watu kazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Manyoni, "inagoma tu" hainisaidii. Inatoa namba gani? 1007, au nyingine? Mwalimu akiingia kwa bando la simu yake, akiwa hapohapo ofisini, anasikia? Poti zipi zinatoka pale? Nijibu ukiwa umekaa ndani ya hiyo ofisi, siyo ukiwa geto.