Blaindi ya kamba chumbani kwa mtoto wa miaka 2

Hapana dada, umeuliza kama uweke blaindi ya kamba chumbani kwa mwanao wa miaka 2: usiiweke. Chukua isiyo na kamba, au funga pazia mbili kwenye fimbo ya njia mbili: jepesi la neti upande wa kioo, zito upande wa chumbani. Nafunga mapazia kila wiki, na kinachonitisha kuliko vyote ni ule mnyororo wa shanga uliofanya kitanzi pembeni ya blaindi. Unaning'inia usawa wa shingo ya mtoto aliyesimama kitandani, na kitanzi kinaweza kumnyonga chini ya dakika moja, tena kimyakimya. Marekani, tangu Desemba 2018, blaindi zinazouzwa tayari dukani zinatakiwa ziwe bila kamba inayoning'inia.

Mchana neti inatosha, maana nje kuna mwanga mkali kuliko ndani, mpita njia haoni kitu. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, anaona kila kitu, ndipo unavuta lile zito. Kata pazia liishie chini kidogo ya dirisha, lisiburuze sakafuni mtoto akalivuta na fimbo yake, na fimbo ishikwe kwa skrubu ukutani.

Kama blaindi umeshanunua, kaza mnyororo ukutani kwa kishikizo chake, angalau mita 1.5 kutoka sakafuni. Ila kitanda au kiti kikikaa chini ya dirisha, kipimo hicho hakisaidii, atapanda tu. Visogeze leo.